Mbwa Akijiona Kwenye Kioo Anabweka: Historia ya Kipimo Kilichomfelisha Mbwa, Kikawafelisha na Watoto wa Kenya

Kama uko TikTok au kwenye magrupu ya WhatsApp, lazima umeshakutana na hizi video. Mbwa anakatiza sebuleni, anafika mbele ya kabati lenye kioo, anasimama ghafla. Masikio juu, mkia umekakamaa. Anabweka. Wa kwenye kioo naye anafungua mdomo. Anasogea, mwenzake anasogea. Mwisho anazunguka nyuma ya kabati kumtafuta huyo mvamizi, anakuta ukuta na buibui. Chini yake ni emoji za kucheka mpaka machozi na komenti zile zile kila siku: "mbwa mshamba huyu", "akili hana", "anagombana na kivuli chake".

Mtaani nako kuna maelezo mengine. Mbwa akibwekea dirisha usiku wakati nje hakuna mtu, mtu mzima mmoja atasema kwa sauti ya chini kwamba mbwa huona vitu ambavyo binadamu haoni, na watoto wote watahamia kitanda kimoja.

Sasa, hili swali la mnyama na kioo wanasayansi wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 150. Limeshawapa sifa sokwe, tembo, ndege na hata samaki. Mbwa wakamwandikia sifuri. Halafu kipimo hicho hicho kilipopelekwa kwa watoto wa Kenya, karibu wote nao wakafeli. Hapo ndipo watu walianza kujiuliza kama tatizo ni la mnyama au ni la kipimo.

Kabla ya kioo kulikuwa na maji

Hadithi ya mbwa na sura yake ni ya kale sana. Kwenye ngano za Esopo wa Ugiriki kuna yule mbwa aliyevuka mto na kipande cha nyama mdomoni. Akaona majini mbwa mwingine ana nyama, akamrukia ampokonye, na ya kwake ikasombwa. Kisa hicho kimo pia kwenye Kalila wa Dimna, kitabu cha visa vyenye asili ya India ambacho Ibn al-Muqaffa alikiandika kwa Kiarabu karne ya 8. Humo humo yumo simba aliyepelekwa kisimani na sungura, akaona "simba mwenzake" chini, akajitosa. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamekua wakikisikia kisa hicho bila kujua kimesafiri umbali gani kuwafikia.

Angalia kitu kimoja hapo. Kwenye visa vyote viwili, mnyama asiyejitambua majini ni mlafi au mjinga. Kwa hiyo hata kabla maabara hazijakuwepo, watu walishaamua kwamba anayegombana na sura yake ana walakini kichwani.

Lakini mbwa ana utetezi mzuri. Mbwa na binadamu wameishi pamoja kwa angalau miaka 14,000. Vioo vya zamani kabisa vilivyofukuliwa vilitengenezwa kwa jiwe jeusi la volkano lililosuguliwa mpaka likang'aa, huko Anatolia, Uturuki ya leo, na vina umri wa miaka kama 8,000. Baadaye vikaja vya shaba. Vya glasi vya Murano, karibu na Venice, vilikuwa vya matajiri. Ni mwaka 1835 ndipo mkemia Mjerumani Justus von Liebig alipata njia nzuri ya kupaka fedha kwenye glasi, na kioo kikaanza safari ya kuwa kitu cha kila nyumba. Maana yake ni kwamba kabati lenye kioo ni kitu kipya kabisa kwenye maisha ya mbwa. Kilichozidi alichokuwa anakutana nacho ni dimbwi.

Darwin na orangutani wa London

Mwaka 1838 kijana mmoja wa Kiingereza, Charles Darwin, alikuwa akienda kwenye bustani ya wanyama ya London kumtazama orangutani wa kike aliyeitwa Jenny. Darwin alikuwa hajawa maarufu bado. Alitaka kujua mnyama huyu anafanana na mtu kiasi gani, na kati ya vitu alivyotumia kilikuwemo kioo.

Kwenye kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alieleza orangutani wawili wadogo waliowekewa kioo chini. Kwanza walishangaa, wakakaa wakitazama. Wakasogea, wakanyoosha midomo kama wanataka kumbusu aliyeko mle ndani. Wakakunja sura, wakabadilisha mikao, wakasugua kioo, wakapitisha mikono nyuma yake, wakachungulia. Mwisho wakakasirika, wakakataa kutazama tena.

Ukilinganisha na video ya mbwa na kabati, ni mambo yale yale isipokuwa kubweka.

Darwin hakuishia kwa wanyama. Mwaka 1877 alichapisha maelezo ya ukuaji wa mtoto wake mwenyewe. Mtoto akiwa na miezi minne na nusu alitabasamia sura kwenye kioo kama vile anamtabasamia mtu. Haikupita miezi miwili akashaelewa mchezo: baba akikunja uso nyuma yake, mtoto aligeuka kumtazama baba mwenyewe, sio yule wa kwenye kioo. Alipokaribia miezi tisa, akitajwa jina lake alikigeukia kioo. Kumbe hata binadamu huanza pale pale alipo mbwa, ila yeye anasonga mbele.

1970: Rangi nyekundu juu ya nyusi

Tatizo la Darwin lilikuwa moja. Kumtazama mnyama akikunja sura mbele ya kioo hakukuambii anafikiri nini. Anajiona yeye, au anamwona mwenzake?

Jibu lililotikisa watu lilitoka kwa mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Gallup, ambaye amesimulia kwamba wazo lilimjia akiwa ananyoa ndevu mbele ya kioo. Aliwachukua sokwe, akawawekea kioo kwa siku 10. Siku za mwanzo walifanya kama kila mnyama: walitisha, walipiga kelele, walimchukulia yule wa kwenye kioo kama mgeni. Baada ya siku chache mambo yakabadilika. Wakaanza kukitumia kioo kujikagua sehemu wasizoweza kuziona, wakachokonoa meno, wakatengeneza sura za ajabu ajabu.

Ndipo Gallup akawachoma sindano ya nusu kaputi, na wakiwa wamelala akawapaka rangi nyekundu isiyo na harufu juu ya nyusi na kwenye sikio. Walipozinduka na kukiona kioo, walipeleka mkono kwenye rangi iliyo juu ya miili yao wenyewe. Hawakumgusa wa kwenye kioo. Utafiti ulichapishwa mwaka 1970 kwenye jarida la Science. Nyani wadogo wa jamii ya makaki waliofanyiwa vile vile hawakuigusa rangi.

Kuanzia hapo "kipimo cha kioo" kikawa kama mtihani wa taifa wa wanyama. Ukigusa alama, unajitambua. Usipogusa, pole sana. Pomboo wa New York wakatangazwa kufaulu mwaka 2001. Mwaka 2006 tembo watatu wa bustani ya Bronx wakapimwa kwa kioo kikubwa, na mmoja wao akagusa kwa mkonga alama iliyochorwa kichwani mwake. Mwaka 2008 ikawa zamu ya ndege mweusi na mweupe wa Ulaya, wa ukoo wa kunguru.

Na mbwa? Mbwa akabweka kidogo, akakaribisha mchezo, akanusa kioo, akachoka, akaenda kulala. Alama hakuigusa. Matokeo: amefeli.

Halafu mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Wajapani wakatangaza kwamba kuna samaki amefaulu. Ni yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi anayewasafisha samaki wengine vijidudu kwenye matumbawe. Anaishi hata kwenye miamba ya Zanzibar na Mombasa, na aliyewahi kupiga mbizi huenda amepishana naye. Samaki huyu aliwekewa alama ya rangi kooni, akajitazama kwenye kioo, akaenda kujisugua chini. Gallup mwenyewe hakukubali, na mabishano hayajaisha. Kwa mwenye mbwa lakini swali liko wazi: hivi kweli samaki wa urefu wa kidole anajijua, na mbwa anayemtambua mwenye nyumba kwa hatua za miguu tu hajijui?

Watoto 82 wa Kenya, wawili tu wakafaulu

Hapa sasa ndipo historia hii inagusa nyumbani.

Mwaka 1972 mtafiti Beulah Amsterdam alitumia njia ileile kwa watoto wadogo wa Marekani. Aliwapaka rangi nyekundu puani na kuwaweka mbele ya kioo. Wengi walianza kugusa pua zao wakiwa na kati ya miezi 18 na 24. Umri huo ukaingia kwenye vitabu vya saikolojia kama umri ambao mtoto wa binadamu, popote alipo, anaanza kujijua.

Tatizo ni hilo neno "popote". Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Tanya Broesch ambao ulikipeleka kipimo hicho nje ya Marekani. Nchini Kenya walipimwa watoto 82, wa miezi 18 mpaka miaka 6. Waliofanya kile kilichotarajiwa, yaani kuigusa au kuiondoa alama usoni, walikuwa wawili. Wengi wa waliobaki waliganda mbele ya kioo wakijitazama. Watoto wa vijijini huko Fiji, Grenada, Saint Lucia na Peru nao walifaulu wachache kuliko wa Marekani na Kanada.

Mtoto wa miaka sita anaitwa jina lake anaitika, anajua sare yake, anajua kiti chake, anajua ugali wake umepunguzwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema hajijui. Watafiti wenyewe walisema hivyo hivyo: kipimo hiki hakina maana moja kila mahali, kwa hiyo hakifai kuchukuliwa kama rula ya dunia nzima.

Aliyelelewa huku hahitaji hata kuelezwa sana. Mgeni amekuja, mtu mzima, amekubandika kitu usoni. Utakibandua bila kuambiwa? Umefundishwa tangu unatambaa kwamba vitu vya wageni haviguswi na mkubwa akifanya jambo ana sababu yake. Unatulia, unasubiri. Kwenye daftari la mtafiti kutulia huko kunaandikwa "hajagusa".

Ndiyo maana wakosoaji wanasema kipimo cha kioo hakipimi kitu kimoja. Ili ufaulu ni lazima kwanza uwe mtu wa kutegemea macho. Pili, ile alama ikukere. Tatu, ujione una ruhusa ya kuigusa. Kukosa moja tu kati ya hayo kunatosha kukuangusha, hata kama unajijua vizuri kabisa.

Sasa mrudishe mbwa kwenye chumba cha mtihani. Kutegemea macho hategemei. Doa la rangi kwenye manyoya halimkeri, kwa sababu mbwa anaweza kushinda na matope mpaka masikioni na akaona maisha matamu.

Dunia ya mbwa iko puani

Binadamu ana seli za kunusa zinazokadiriwa kuwa kama milioni 6. Mbwa anakadiriwa kuwa nazo kuanzia milioni 100 mpaka 300, kutegemea aina yake. Upande wa macho, rangi anazotofautisha vizuri ni za bluu na njano. Nyekundu na kijani kwake zinachanganyika. Hivyo ile rangi nyekundu ya Gallup isingemshtua hata kidogo.

Mbwa wawili wakikutana barabarani wana adabu zao. Hawatazamani machoni moja kwa moja, wanakuja kwa kuzunguka kidogo, wananusana nyuma, na hapo kila mmoja anapata taarifa zote: dume au jike, mzima au mgonjwa, ametulia au ana hofu. Ni kama kubadilishana salamu na kuulizana ukoo.

Yule wa kwenye kioo anavunja adabu zote. Anamkazia macho. Anakuja moja kwa moja usoni, hazunguki. Mbwa akiinua mkia naye anainua, akisimamisha manyoya naye anasimamisha, hakuna hata siku moja anayekubali kushuka. Na la ajabu zaidi ni kwamba hana harufu. Anabweka kimya. Kwa mbwa, huo ni mwili wa mbwa usio na mbwa ndani. Ukikutana na mtu wa hivyo saa mbili usiku, hata wewe ungepiga kelele.

Kwa hiyo wanaobweka kwa ukali mara nyingi ni wale wenye hofu au waliozoea ulinzi. Watoto wa mbwa huinamisha kifua na kuinua makalio wakikaribisha mchezo. Wakubwa waliozoea nyumba yenye vioo hupita kana kwamba hakuna kitu, maana walishanusa, hawakukuta mtu, wakafunga faili.

Na lile dirisha la usiku? Taa zikiwaka ndani na nje kukiwa giza, dirisha la kawaida linageuka kioo kwa aliye ndani. Mchana vioo vya giza vya maofisi na magari hufanya hivyo kwa aliye nje. Mara nyingi mbwa anayebwekea dirisha tupu anajiona mwenyewe, au amesikia panya. Mzuka hauhitajiki hapo.

Kioo cha harufu

Kama mbwa anasoma dunia kwa pua, basi ajaribiwe kwa pua. Mwanabiolojia wa Marekani Marc Bekoff alifanya hivyo kwa njia ambayo majirani lazima waliifikiria mara mbili. Kwa vipindi vitano vya baridi huko Boulder, Colorado, alitembea na mbwa wake na kuhamisha theluji iliyokojolewa: ya mbwa wake mwenyewe na ya mbwa wengine, akiiweka mahali pengine njiani. Matokeo aliyochapisha mwaka 2001 yalionyesha kwamba mbwa wake alinusa kwa muda mfupi mkojo wake mwenyewe, na kwa muda mrefu ule wa wengine. Alijua upi ni wake.

Mwaka 2017 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilileta jambo hilo kwenye chumba cha utafiti, akiwa na mbwa 36. Vikopo viliwekwa harufu tofauti, na kimojawapo kilikuwa na mkojo wa mbwa mwenyewe ulioongezwa harufu ngeni. Hicho ndicho kilikuwa sawa na rangi kwenye nyusi za sokwe: ni mimi, lakini kuna kitu kimezidi. Mbwa walikaa kwenye kikopo hicho muda mrefu kuliko kwenye harufu yao ya kawaida.

Gallup na mwenzake walijibu mwaka 2018 kwamba kunusa muda mrefu hakuthibitishi mbwa anawaza "huyu ni mimi". Huenda ni udadisi tu. Hoja yao ina uzito, na haijafungwa.

Njia nyingine ikaja mwaka 2021 kutoka Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest. Mbwa alisimamishwa juu ya mkeka, na mwenye mbwa akamwomba ampe kichezeo kilichoshonwa kwenye mkeka huo huo. Haiwezekani kukiinua ukiwa umesimama juu yake. Mbwa walishuka mapema na mara nyingi zaidi kuliko pale kichezeo kilipofungwa ardhini, ambapo kushuka kusingesaidia. Yaani walielewa kwamba kizuizi ni mwili wao wenyewe. Kuna binadamu wanavuta shuka huku wameikalia na kulaumu kitanda.

Kwa hiyo ufanye nini na mbwa wako?

Akijiona kwenye kioo akashtuka, mwache asogee anuse kwa muda wake. Wengi humaliza wenyewe ndani ya siku chache. Usimshike kichwa na kumlazimisha atazame ili upate video, na usimchape kwa kubweka, kwa sababu kwake kuna mgeni ndani ya nyumba na yeye anafanya kazi aliyowekewa. Kama haachi, funika kioo cha chini kwa khanga au vuta pazia usiku, kisha ukifungue kidogo kidogo akiwa ametulia. Ukiona anatetemeka au anajigonga kwenye kioo kila siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana wakati mwingine macho au woga uliopitiliza ndio chanzo.

Na ile komenti ya "akili hana" ifikirie upya kabla hujaituma. Watoto 80 wa Kenya wangeandikiwa hiyo hiyo kama watafiti wasingerudi kukihoji kipimo chao.

Wa kwako hufanya nini akifika mbele ya kioo: anabweka, anacheza, au anapita kama hajaona kitu?